Saa 44 bila chakula: uchambuzi wa kisa cha maandalizi ya kipimo cha HIDA

HIDA ni kipimo cha picha za ini, mfuko wa nyongo na mirija yake kwa kutumia dawa ya mionzi inayochomwa kwenye mshipa. Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kufundishia, wala mgonjwa wake si mtu unayeweza kumtafuta wodini. Saa, dozi na makosa yaliyomo, hata hivyo, ndiyo yaleyale yanayoharibu kipimo hiki mahali popote kinapofanyika.

Mgonjwa ni kijana wa kiume wa miaka 22, kilo 50, mwenye selimundu. Jumatatu saa 7 mchana alikula wali na maharage nyumbani. Jioni maumivu ya mifupa yakaanza, akatapika mara mbili, na saa 2 usiku akafikishwa hospitali. Alilazwa, akawekewa dripu, akaanzishiwa morfini miligramu 5 kwenye mshipa kila baada ya saa 4. Kwa kuwa alikuwa anatapika, daktari wa zamu aliandika kwenye faili: asile chochote kwa mdomo. Hakuandika mpaka lini.

Jumanne asubuhi maumivu yalihamia chini ya mbavu za kulia. Joto la mwili lilikuwa 38.1, macho ya njano kuliko kawaida yake, bilirubini ya jumla (rangi ya njano iliyomo kwenye damu) 6.8 mg/dL, sehemu kubwa ikiwa ile isiyopita bado kwenye ini, yaani ya damu kuvunjika. Altrasaundi ya mchana ilionyesha mawe madogo ndani ya mfuko wa nyongo na ukuta wenye unene wa milimita 4. Hapakuwa na maji kuuzunguka mfuko. Alipobonyezwa na kifaa juu ya mfuko hakushtuka, lakini alikuwa amechomwa morfini muda mfupi uliopita, kwa hiyo kutoshtuka kwake hakukuthibitisha lolote.

Madaktari wa upasuaji waliuliza swali la haki: je, mfuko wa nyongo umewaka, au hii ni selimundu inayolibana ini? Mgonjwa wa selimundu hutengeneza mawe ya nyongo mapema kwa sababu damu yake huvunjika kila siku, kwa hiyo kuona mawe peke yake hakuamui kitu. Ukuta mnene nao huletwa na mengi: albumini, protini ya damu, ikishuka, homa ya ini, moyo kushindwa. Na kumpasua mtu wa selimundu katikati ya shambulio, chini ya nusukaputi, ni kumwingiza kwenye hatari ya shambulio la kifua. Ndiyo maana wakaomba HIDA. Chaguo lilikuwa sahihi. Katika uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2012, kipimo hiki kilikuwa na uwezo wa kugundua uvimbe wa ghafla wa mfuko wa nyongo kwa takribani asilimia 96, altrasaundi ikiwa na 81.

Fomu ya ombi ilifika kitengo cha tiba ya nyuklia Jumatano asubuhi. Sehemu ya maandalizi ilikuwa na mstari mmoja tu: "Mgonjwa amefunga? Ndiyo."

Picha ya kwanza

Saa 3 asubuhi alichomwa dawa ya mionzi, teknesiamu-99m mebrofenini, milikyuri 5, sawa na megabekereli 185, akiwa amelala chali chini ya kamera ya gama. Picha zilichukuliwa mfululizo, moja kwa kila dakika, kwa dakika 60. Ini lilishika dawa vizuri na moyo ukasafika mapema, dalili kwamba seli za ini zinafanya kazi. Mrija mkuu wa nyongo ulionekana. Mfuko wa nyongo haukuonekana. Utumbo nao haukuonekana.

Alirudishwa wodini, akapewa morfini yake ya saa 4, akaletwa tena saa 7 mchana kwa picha ya saa nne baada ya sindano. Utumbo sasa ulikuwa umejaa dawa. Mfuko wa nyongo bado haupo.

Kwa kitabu, mfuko usioonekana hadi saa 4 baada ya sindano ni mrija wa mfuko ulioziba, yaani uvimbe wa ghafla. Ripoti ya mistari miwili ingetosha kumpeleka chumba cha upasuaji jioni ileile. Msomaji wa picha alisita. Picha zenyewe zilikuwa safi, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo fomu haikusema, naye akapiga simu wodini kuuliza maswali mawili: mlo wa mwisho ulikuwa saa ngapi, na sindano ya mwisho ya maumivu kabla ya kuletwa ilikuwa saa ngapi?

Majibu: Jumatatu saa 7 mchana, na Jumatano saa 12 asubuhi. Maana yake wakati wa sindano ya mionzi mgonjwa alikuwa na saa 44 bila chakula na saa 3 tu tangu morfini. Kila moja kati ya hizo mbili inatosha kuipotosha picha. Pamoja, zinaifanya isisomeke.

Kwa nini kufunga kupindukia ni kosa kama kutofunga

Mebrofenini hufuata njia ya bilirubini. Seli za ini huivuta kutoka kwenye damu, huitoa ndani ya nyongo, kisha nyongo hiyo hugawanyika: nyingine hupanda kupitia mrija mwembamba kuingia mfukoni, nyingine hushuka moja kwa moja hadi utumbo mdogo. Katika uvimbe wa ghafla, karibu kila mara kuna jiwe lililokwama kwenye ule mrija mwembamba. Nyongo yenye dawa haiwezi kupanda, mfuko haung'ai. Kipimo kizima, kwa swali hili, kinajibu jambo moja: mrija wa mfuko uko wazi au la? Na maandalizi yote yana kazi moja, kuhakikisha hakuna kitu kingine kinachoizuia nyongo mpya kuingia mfukoni wakati kamera inatazama.

Mtu akila, hasa chakula chenye mafuta, utumbo mdogo hutoa homoni ya kolesistokinini, na mfuko hujikamua. Homoni hiyo ikiwa bado inafanya kazi, nyongo inatoka mfukoni badala ya kuingia, na mfuko mzima unaweza usionekane. Ndiyo sababu mwongozo wa chama cha tiba ya nyuklia cha Marekani, SNMMI, unataka mtu mzima awe hajala kwa angalau saa 2, na ikiwezekana 6, kabla ya sindano. Hili kila muuguzi analijua.

Lisilojulikana sana ni upande wa pili. Mfuko usiokamuliwa kwa zaidi ya saa 24 hujaa nyongo nzito, wakati mwingine yenye tope. Umeshiba. Nyongo mpya yenye dawa ikifika mlangoni haina pa kuingia, hata kama mrija uko wazi kabisa. Picha inakuwa ileile ya mfuko ulioziba. Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa anayelishwa kwa mshipa peke yake: kalori zinaingia, lakini hakuna kitu kinachopita utumboni, kwa hiyo mfuko haupati amri ya kujikamua. Dripu ya glukosi nayo haiukamui mfuko. Ina faida na hasara yake: haivunji maandalizi ya mtu anayepaswa kufunga, lakini pia haimwokoi yule aliyefunga kupita kiasi.

Agizo la "asile chochote" lisilo na saa ya kuanza wala ya kukoma ndilo chanzo cha tatizo hili wodini. Mgonjwa anaingia usiku, anasubiri altrasaundi, altrasaundi inasogezwa, anasubiri daktari wa upasuaji, halafu HIDA inapangwa kesho yake kwa sababu dawa ya mionzi ya leo imekwisha. Kila mtu anaamini anamwandaa. Hakuna anayejumlisha saa.

Morfini, na kwa nini inakatazwa asubuhi halafu inatumika mchana

Dawa za kundi la afyuni hukaza mlango wa Oddi, msuli ulioko pale mrija mkuu wa nyongo unapoingia utumboni. Nyongo ikikwama hapo, picha inaonyesha mrija mkuu uliojaa na utumbo mtupu, sura ileile ya jiwe lililoziba mrija mkuu. Ndicho kilichotokea kwenye dakika 60 za kwanza za kijana huyu. Utumbo kuonekana saa nne baadaye kulionyesha kwamba mrija mkuu haukuwa umezibwa kabisa, lakini kwa saa ya kwanza picha ilikuwa inaeleza habari ya dawa, si ya ugonjwa.

Kanuni ni kusubiri nusu-maisha nne za dawa husika, nusu-maisha ikiwa ni muda ambao dawa hupungua kwa nusu mwilini. Nusu-maisha ya morfini ni saa 2 hadi 3, kwa hiyo saa 8 hadi 12. Pethidini ni saa 3 hadi 4, kwa hiyo 12 hadi 16. Tramadoli, ambayo watu wengi huisahau kwa sababu ni kidonge na mgonjwa anaimeza mwenyewe, ni kama saa 6, kwa hiyo siku nzima. Kodeini iliyomo kwenye vidonge mchanganyiko vya maumivu na kikohozi ihesabiwe kama morfini.

Mkanganyiko huja pale wanafunzi wanapoona morfini ileile ikitumika makusudi katikati ya kipimo. Ufafanuzi uko kwenye mpangilio wa matukio. Ikiwa dakika 60 zimepita, mfuko haujaonekana, lakini dawa imeshaonekana kwenye mrija mkuu na utumboni, basi tumekwisha kujua mrija mkuu uko wazi. Hapo unaweza kutoa morfini 0.04 mg kwa kilo, kwa kijana huyu miligramu 2, polepole kwenye mshipa kwa dakika 2 hadi 3. Mlango wa Oddi unakaza, shinikizo linapanda, nyongo inasukumwa kuelekea mfukoni ikiwa njia iko wazi. Picha za dakika 30 zaidi zinatosha kutoa jibu, badala ya kusubiri hadi saa 4 baada ya sindano. Ini likiwa limebaki na dawa kidogo, kwanza huongezwa sindano ya milikyuri 2 hadi 3, maana huwezi kusukuma nyongo isiyo na mionzi ndani yake. Mgonjwa mwenye mzio wa morfini au anayepumua kwa shida hapewi, na mwenye kongosho lililovimba hufikiriwa mara mbili.

Kuna hoja ambayo msomaji makini ataitoa: kijana alipewa morfini saa 4 asubuhi wodini, kwa hiyo si ilifanya kazi hiyohiyo ya kusukuma, na mfuko bado haukuonekana? Hoja ina uzito, ila haitoshi. Shinikizo halimwingizi mtu kwenye chumba kilichojaa hadi mlangoni. Saa 44 za kufunga zilikuwa bado ziko palepale.

Kilichofanyika

Ripoti ya Jumatano haikuandikwa "uvimbe wa ghafla wa mfuko wa nyongo". Iliandikwa kwamba kipimo hakiwezi kutafsiriwa kwa sababu ya kufunga kwa saa 44 na morfini ndani ya saa 3, kwamba ini linafanya kazi na mrija mkuu haujaziba kabisa, na kwamba kinarudiwa Alhamisi baada ya maandalizi mapya. Ripoti ya namna hiyo inahitaji ujasiri, kwa sababu wodi inasubiri jibu na mtu anaumwa. Lakini jibu la uongo lenye uhakika ni baya kuliko kukiri kuwa jibu halijapatikana.

Gharama ya kurudia si ndogo, na isemwe wazi. Milikyuri 5 za mebrofenini humpa mtu mzima mionzi ya takribani milisivati 3, kwa hiyo kipimo cha pili kilimfikisha 6. Zaidi ya hapo kuna dozi nyingine ya dawa inayotoka kwenye jenereta, yaani chombo kinachozalisha teknesiamu, iliyoletwa kwa ndege, na siku nyingine ya kitanda. Hayo yote yangeepukwa kwa simu ya dakika mbili Jumanne jioni.

Kulikuwa na njia mbili za kuukamua mfuko kabla ya kipimo cha pili. Ya kwanza haina gharama: kumpa mlo wenye mafuta Jumatano jioni, kisha afunge tangu hapo hadi asubuhi. Kwa mgonjwa anayeweza kula, hii ndiyo njia tunayoipendekeza, hasa mahali ambapo sinkalaidi, dawa ya kuukamua mfuko, haipatikani kirahisi. Mlo uwe na mafuta ya gramu 10 au zaidi. Maziwa yasiyoondolewa mafuta, mayai, au wali wa nazi vinafaa, uji mweupe peke yake haufai. Kwa kijana huyu daktari wa upasuaji alikataa, na alikuwa na sababu: alikuwa bado anatapika, na kama kweli mrija ulikuwa umeziba, mlo ungezidisha maumivu.

Ikabaki sinkalaidi, kipande cha homoni ya kolesistokinini kilichotengenezwa maabara. Dozi ni mikrogramu 0.02 kwa kilo. Kilo 50 mara 0.02 ni mikrogramu 1. Kichupa kina mikrogramu 5. Huyeyushwa kwa mililita 5 za maji ya sindano, ikawa mikrogramu 1 kwa kila mililita. Kwa hiyo ilivutwa mililita 1 tu, ikachanganywa na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 mpaka kufikia mililita 60, na kuingizwa kwa pampu kwa dakika 60, mililita moja kwa dakika. Pasipo pampu, bureti yenye matone 60 kwa mililita inafanya kazi ileile: matone 60 kwa dakika, na mtu akae karibu ahesabu.

Kosa la kawaida hapa ni kuisukuma sinkalaidi kwa dakika moja au tatu ili kuokoa muda. Shingo ya mfuko hukaza badala ya mfuko kujikamua, mgonjwa anajikunja kwa maumivu ya tumbo na kichefuchefu, na mfuko haumwagiki. Dakika 30 ndicho kiwango cha chini, 60 ni bora. Swali jingine linaloulizwa ni hatari ya kusukuma mawe madogo kwenye mrija. Maelezo ya dawa yanaitaja, yakisema pia kwamba uwezekano ni mdogo kwa kuwa dozi hii kwa kawaida haiukamui mfuko wote. Mgonjwa aliambiwa, akakubali. Mwenye utumbo ulioziba hapewi kabisa.

Maumivu yalihitaji mpango kuliko kitu kingine chochote. Kumnyima mtu wa selimundu morfini kwa saa 12 kwa sababu ya picha, bila kumpa kitu mbadala, ni ukatili, na pia kunaharibu kipimo kwa sababu hatatulia chini ya kamera kwa saa nzima. Mpango uliandikwa kwenye chati ya dawa, na mgonjwa mwenyewe akasomewa:

Morfini ya mwisho Jumatano saa 4 usiku. Kuanzia hapo parasetamoli ya mshipa 15 mg kwa kilo, yaani miligramu 750, kila saa 6. Dripu iendelee usiku kucha, maana mgonjwa wa selimundu hafungi akiwa mkavu. Maji ya kunywa kwa funda ndogo yanaruhusiwa. Maumivu yakizidi uvumilivu wake, apewe morfini mara moja, saa iandikwe, na kitengo kipigiwe simu ili kipimo kisogezwe.

Mstari wa mwisho ndio uliomfanya akubali. Muuguzi wa usiku alimwambia, "Mwanangu, ukishindwa sema, hakuna atakayekulaumu." Hakuihitaji, lakini kujua ipo kulimtuliza.

Ikumbukwe kwamba dawa mbadala nazo zina madhara kwa mfuko. Atropini hulegeza mfuko, na indomethasini, nifedipini, okitriotaidi na dawa za usingizi za kundi la diazepamu nazo huvuruga kujikamua kwake. Hili lina uzito hasa pale sinkalaidi inapotumika. Ukimpa mgonjwa haiosini au atropini kwa ajili ya tumbo kusokota, halafu ukampa sinkalaidi ili mfuko ujikamue, umeweka dawa mbili zinazovutana.

Alhamisi

Saa 2 asubuhi, saa 10 tangu morfini, sinkalaidi ilianza. Iliisha saa 3. Wakasubiri dakika 30 ili homoni iishe nguvu na mfuko uanze kulegea na kujaa upya. Ukichoma dawa ya mionzi mapema mno, mfuko bado unasukuma nje.

Kabla ya sindano ya pili, ilichukuliwa picha ya dakika 2 ya tumbo bila kuongeza kitu. Sababu ni hesabu rahisi. Nusu-maisha ya teknesiamu-99m ni saa 6, na saa 24 na nusu zilikuwa zimepita, kwa hiyo takribani sehemu moja ya 16 ya mionzi ya jana ilikuwa bado mwilini, zaidi ikiwa utumboni. Bila picha hiyo, kivuli cha utumbo mpana karibu na ini kingeweza kudhaniwa kuwa ni mfuko.

Saa 3 na nusu alichomwa mebrofenini milikyuri 5. Mebrofenini ilichaguliwa badala ya disofenini, dawa nyingine ya kipimo hikihiki, kwa sababu ya bilirubini yake: ini hushika karibu asilimia 98 ya mebrofenini, wakati disofenini ni karibu 88, iliyobaki ikipitia figo. Kwa mtu mwenye manjano, bilirubini hushindania mlango uleule wa seli za ini, na figo ikichukua nyingi, kivuli chake cha kulia kinaweza kukaa palepale unapotafuta mfuko.

Dakika ya 34 doa dogo lilianza kuonekana chini ya ini. Je, ni mfuko, au ni utumbo mdogo wa mwanzo, ambao hukaa jirani yake na umewahi kuwadanganya wengi? Picha ya pembeni kulia ilichukuliwa, na nyingine ya kuinamia kushoto kwa nyuzi 35. Mfuko hukaa mbele, karibu na ngozi ya tumbo. Utumbo huo hukaa nyuma zaidi. Mgonjwa alipewa pia maji nusu glasi. Dawa iliyoko utumboni ingesukumwa na maji hayo ikahama. Doa halikuhama, liliongezeka. Kufikia dakika 60 lilikuwa na umbo la peya, na utumbo ulikuwa umeonekana tangu dakika ya 41.

Mrija wa mfuko ulikuwa wazi. Uvimbe wa ghafla uliondolewa kwenye orodha.

Fomu mpya

Neno "kufunga" lenyewe linastahili kuangaliwa. Kwa Mwislamu wa Pwani, kufunga ni pamoja na kuacha maji. Ukimwambia "uje umefunga" atakuja amekauka, jambo ambalo hatulitaki. Katika Ramadhani, aliyekula daku saa 10 alfajiri anafaa kabisa kwa kipimo cha saa 4 asubuhi, wala hana haja ya kuongeza saa. Kwa upande mwingine, "sijala" haimaanishi tumbo tupu. Wengi husema, kwa unyofu, "sijala, nimekunywa chai tu," na chai hiyo ina maziwa na imesindikizwa na maandazi mawili. Usiulize kama amekula. Muulize kitu cha mwisho kilichopita mdomoni, kiwe kinywaji, pipi au dawa, na saa ngapi. Kuhusu dawa, usimtajie afyuni wala opioidi. Muulize kama amechomwa sindano ya maumivu au kumeza kidonge chochote cha maumivu tangu jana, aonyeshe pakiti.

Fomu iliyochukua nafasi ya ile ya zamani haina kisanduku cha ndiyo na hapana. Ina nafasi ya kuandika siku na saa ya mlo wa mwisho na ulikuwa nini, siku, saa, jina na dozi ya dawa ya mwisho ya maumivu, kama analishwa kwa mshipa, uzito, bilirubini, mzio, kwa mwanamke, uwezekano wa ujauzito. Chini yake kuna namba ya simu ya kitengo na maneno haya: chini ya saa 2 tangu kula, au zaidi ya saa 24, piga kabla ya kumleta. Kwa watoto saa ni chache zaidi, 2 hadi 4, na kichanga anayechunguzwa manjano yasiyoisha ana maandalizi yake peke yake, fenobabitali 5 mg kwa kilo kwa siku ikigawanywa mara mbili kwa siku 5, ili ini lake liamke kabla ya picha. Huyo anahitaji fomu yake.

Wagonjwa wa nje wanaoletwa kupimwa nguvu ya mfuko kujikamua hufuata sheria zilezile, isipokuwa kwao sinkalaidi hutolewa baada ya mfuko kujaa, dozi ileile kwa dakika 60, na mfuko uliotoa asilimia 38 au zaidi huhesabiwa kuwa wa kawaida. Kijana wetu hakuhitaji hilo. Maumivu yake yalihusishwa na selimundu ndani ya ini, akarudishiwa morfini saa 5 asubuhi, mara tu picha ya mwisho ilipokamilika, na saa 7 mchana akapewa uji wa maziwa, chakula chake cha kwanza tangu Jumatatu. Mawe bado anayo. Upasuaji wa kuutoa mfuko ulipangwa kujadiliwa kliniki baada ya wiki 6, akiwa mzima, na baada ya kuamuliwa kama ataongezewa damu kwanza.